Biashara ya Kukwama

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Mmarekani mmoja, Mike Dornbrook, alianza kuuza vitabu ambavyo sehemu kubwa ya maandishi yake haikuonekana. Maswali yalichapwa kwa wino wa kawaida: nilishinde vipi zimwi lenye shoka, nilifungue vipi yai la vito bila kulivunja. Chini ya kila swali palikuwa na visanduku vitupu. Ukipaka kalamu maalumu iliyokuja na kitabu juu ya kisanduku cha kwanza, maandishi yaliyofichwa yalijitokeza na kukupa kidokezo chepesi. Ukiwa bado gizani, ulipaka cha pili, kilicho wazi zaidi, na cha mwisho kilikupa jibu lenyewe. Vitabu hivyo viliitwa InvisiClues. Wanunuzi wake walikuwa watu waliokwisha kulipia gemu ya kompyuta iitwayo Zork, wakakwama ndani yake.

Kwetu desturi hiyo ina ndugu wa karibu. Mtu akitega kitendawili na wenzake wakashindwa, husema: nipe mji. Nao humpa Bagamoyo, au Mombasa, au Makka. Naye huupokea, husimulia alivyokwenda na alivyokirimiwa, kisha ndipo hutegua. Mji ndio bei ya jibu, na utamu wote wa kitendawili umo katika ule muda ambao hakuna anayekubali kuutoa. Dornbrook alikuwa akipokea miji kwa dola.

Nimezipenda gemu hizi tangu utotoni. Ni gemu za visa: unaongoza mhusika mmoja ndani ya hadithi, unaokota vitu, unazungumza na watu, unafumbua fumbo moja ili mlango wa fumbo jingine ufunguke. Hakuna haja ya vidole vyepesi, ni kufikiri tu. Kwa miaka kumi na mitano hivi zilikuwa miongoni mwa bidhaa zenye heshima kubwa kuliko zote katika biashara ya kompyuta, kisha zikaporomoka kwa muda mfupi sana. Kila nisomapo maelezo ya kuporomoka huko naona suala la mji limerukwa. Wengine husema ziliuawa na gemu za risasi. Wengine, kwamba wachezaji wapya hawakuwa na subira, au kwamba watungaji waliwachosha watu kwa mafumbo ya kipuuzi. Yote yana chembe ya ukweli. Lakini ukizitazama kwa jicho la mfanyabiashara, gemu hizi ziliuza muda wa kukwama, na muda huo ndio uliokuja kukosa bei.

Asili yake ni pango la kweli. Pango la Mammoth, katika jimbo la Kentucky, ndilo refu kuliko yote yanayojulikana duniani. Septemba 1972 kikundi cha wachunguzi kilipenya humo chini kwa chini kikitokea mapango ya jirani ya Flint Ridge, kikathibitisha kuwa yote ni pango moja. Mmoja wao alikuwa Patricia Crowther. Mumewe, Will Crowther, naye alikuwa mtu wa mapango, na kazi yake ilikuwa kuandika programu katika BBN, kampuni ya Massachusetts iliyojenga mitambo ya ARPANET, mtandao uliokuja kuzaa intaneti. Ndoa yao ilipovunjika, Will aliandika, kati ya 1975 na 1976, gemu ya maneno matupu ili binti zake wawili wawe na kitu cha kufurahia wanapomtembelea. Kompyuta inakueleza mahali ulipo. Wewe unaandika amri ya neno moja au mawili, ingia, chukua taa, nayo inakueleza kilichotokea. Vyumba vingi vya gemu hiyo vilifuata ramani ya pango alilokuwa akilitambaa kwa magoti.

Programu ilisambaa mtandaoni bila mwenyewe kuitangaza. Mwanafunzi wa Stanford, Don Woods, aliikuta, akataka ruhusa ya kuiongezea, na kwa kuwa hakujua mwandishi yuko wapi alituma barua pepe kwa jina la Crowther katika kila kompyuta ya ARPANET. Jibu lilikuja. Mwaka 1977 Woods alitoa toleo lenye vyumba zaidi, hazina zaidi na viumbe wa ngano. Gemu iliitwa Adventure, na jamii nzima ya gemu za namna hiyo ikarithi jina hilo kwa Kiingereza. Vijana wa MIT walioimaliza walitaka kuipita, wakatunga Zork, na mwaka 1979 baadhi yao wakaanzisha kampuni iliyoiuza, Infocom.

Wakati huohuo, California, Ken Williams alikuwa na mashine ya taipu nyumbani iliyoungana kwa waya wa simu na kompyuta kubwa iliyokuwa mbali. Mkewe Roberta aliicheza Adventure kwenye mashine hiyo hadi akaimaliza, na alipoimaliza akatafuta nyingine asipate. Basi akaketi kwenye meza ya jikoni akatunga yake, kisa cha mauaji ndani ya nyumba kubwa, na akamtaka mumewe aweke picha. Mystery House ilitoka mwaka 1980 kwa kompyuta ya Apple II, ikiwa na michoro ya mistari mieupe tu, imefungashwa ndani ya mfuko wa plastiki kama ule wa kuhifadhia chakula. Iliuzwa kwa dola 24.95. Watu waliinunua kwa wingi kiasi kwamba Ken na Roberta walihamia milimani karibu na mbuga ya Yosemite, na katika mji mdogo wa Oakhurst wakajenga kampuni iliyokuja kuitwa Sierra On-Line.

Mwaka 1984 Sierra ilitoa King's Quest kwa fedha za IBM, iliyotaka kitu cha kuipamba kompyuta yake ya nyumbani, PCjr. Kwa mara ya kwanza mchezaji alimwona shujaa wake akitembea kwenye picha yenye kina, akipita nyuma ya mti na mbele ya jiwe. PCjr ilishindwa sokoni upesi, lakini kampuni ya Tandy ilikuwa imetoa kompyuta iliyofanana nayo, na gemu ikaokoka. Kuanzia hapo Sierra ilikuwa na mfalme, polisi, mfagiaji wa chombo cha anga na walaghai wa kila namna, na kila Krismasi Wamarekani walingoja toleo jipya.

Nampenda Roberta Williams kwa ujasiri wake, lakini mafumbo yake yalikuwa makatili. Katika King's Quest ya kwanza lazima ubashiri jina la kibushuti mmoja. Ukijua ngano za Kizungu utafikiria Rumpelstiltskin. Ukipata kidokezo kwamba ufikiri kinyumenyume, utaliandika jina kuanzia mwisho. Siyo. Unatakiwa uipindue alfabeti nzima, A iwe Z na B iwe Y, kisha uliandike jina kwa alfabeti hiyo. Katika King's Quest ya tano, ya mwaka 1990, paka anamkimbiza panya mbele ya macho yako kwa sekunde chache. Usipomtupia paka kitu papo hapo, muda mrefu baadaye utafungwa kamba ghalani, na panya yule ambaye angeitafuna kamba hayupo. Huna njia ya kurudi. Unaanza upya bila hata kujua kosa lako lilikuwa lipi. Fumbo kama hilo haliwezi kufumbuliwa kwa akili peke yake, na ndiyo maana simu ya vidokezo ya Sierra iliita. Wateja walipiga na kulipa kwa dakika.

Mimi nilizikuta Dar es Salaam katika miaka ya tisini, nyumbani kwa mjomba, Upanga. Alikuwa na kompyuta ya kazi ambayo jioni iligeuka kuwa yetu, watoto wa nyumba. Disketi zilikuja na mgeni kutoka Dubai, majina yake yameandikwa kwa kalamu. The Secret of Monkey Island ilikuwa na kinga dhidi ya wanaonakili: gurudumu la karatasi lenye sura za maharamia, ambalo ulilizungusha mpaka paji la uso na kidevu vioane na picha iliyo kwenye skrini, ukasoma mwaka na kuuandika. Letu lilikuwa fotokopi iliyokatwa kwa mkasi na kubanwa katikati kwa pini. Kando ya kibodi palikaa kamusi ya Kiingereza na kaunta buku, na humo binamu yangu alichora ramani ya kila kisiwa na kuorodhesha kila kitu tulichobeba.

Mojawapo ya vitu hivyo alikuwa kuku wa mpira mwenye kapi katikati. Tulimbeba kwa muda mrefu bila kujua ni wa nini, na mbele yetu palikuwa na korongo lenye waya ulionyooshwa hadi kisiwa cha pili. Namba ya simu ya vidokezo ilikuwa ya Marekani, na simu ya mjomba ilikuwa na kufuli. Kwa hiyo tulikwama na kubaki tumekwama. Tulilijadili jambo hilo kwenye daladala, tukalijadili baada ya madrasa. Usiku mmoja Bibi, ambaye hakuwahi kuigusa kompyuta na aliyezaliwa Kilwa katika nyumba ya manahodha, alituuliza tunabishania nini. Tukamweleza. Akasema, "Wajukuu zangu, kapi kazi yake ni nini kama si kupita kwenye kamba?" Nyumba nzima ilipiga kelele. Hakuna gemu ya risasi iliyowahi kunipa saa kama ile, na ninaposema gemu hizi zilistahili kulindwa, ninalisema kwa sababu ya saa hiyo.

Fumbo la kuku lilikuwa la kuchekesha lakini lilikuwa la haki, na haikuwa bahati. Mtungaji wake, Ron Gilbert, alikuwa mfanyakazi wa Lucasfilm Games, kampuni ya gemu ya yule mtengeneza filamu wa Star Wars. Mwaka 1987 yeye na Gary Winnick walitoa Maniac Mansion. Humo mchezaji hakuandika tena amri akibahatisha neno ambalo kompyuta ingelielewa, bali alibofya vitenzi vilivyopangwa chini ya skrini. Mwaka 1989, alipokuwa akitayarisha Monkey Island, Gilbert aliandika makala kali kueleza kwa nini gemu za visa zilikuwa mbovu. Alidai kwamba mchezaji asiuawe ghafla kwa kosa asiloweza kuliona, asihitaji kitu alichokiacha nyuma pasipo njia ya kukirudia, na fumbo lionekane kabla ya ufunguo wake. Hizo ndizo kanuni zilizozaa kundi la gemu ambazo sijaona mfano wake: Monkey Island mwaka 1990, Day of the Tentacle mwaka 1993, Full Throttle mwaka 1995. Wenzake katika kazi hiyo, Tim Schafer na Dave Grossman, waliandika mazungumzo ambayo watu wazima hadi leo huyanukuu kwa moyo. Na katika Monkey Island ya pili shujaa anakutana na simu katikati ya msitu, anapiga, na inapokelewa na mhudumu wa vidokezo wa kampuni yenyewe.

Sasa tupige hesabu, maana hapa ndipo palipouma. Katika gemu ya visa kila chumba huchorwa kwa mkono na kila jibu la mhusika huandikwa na mtu. Anayejua mafumbo yote huimaliza Monkey Island kwa saa chache tu. Asiyejua huishi nayo kwa wiki au miezi. Kwa hiyo kampuni ilitengeneza saa chache za hadithi na mteja akanunua miezi, na kilichoziba pengo hilo ni kukwama. Gemu ya risasi haiendi hivyo. Ukuta mmoja hutumika mara elfu, adui mmoja huzaliwa upya katika kila korido, na kila raundi huja na hofu yake. Doom, iliyotolewa na id Software Desemba 1993, ilikwenda mbali zaidi: wachezaji wenyewe waliichorea vyumba vipya na kugawiana bure. Mtungaji wa visa hakuwa na msaidizi wa namna hiyo, kwa kuwa hadithi ukishaijua umeijua.

Mwaka huohuo 1993 ilitoka Myst, kazi ya ndugu wawili, Rand na Robyn Miller, kutoka Spokane, jimbo la Washington. Kisiwa kitupu, picha tulivu zilizotengenezwa kwa kompyuta, hakuna kifo wala mfuko wa kubebea vitu. Iliuza zaidi ya nakala milioni 6 na kubaki gemu ya kompyuta iliyouzwa kuliko zote hadi ilipopitwa na The Sims mwaka 2002. Wenye fedha walipoiona walidhani wamepata njia: CD ina nafasi kubwa, basi ijazwe. Waigizaji wakaajiriwa kusoma kila sentensi. Roberta Williams akatengeneza Phantasmagoria mwaka 1995 kwa waigizaji wa kweli waliopigwa filamu, gemu ikajaa CD saba. Iliuzwa vizuri sana, na mafanikio hayo yaliwadanganya wengi. Gharama ya kila dakika ya kisa ilipanda kwa kasi, huku dakika zenyewe zikiwa zilezile na bei ya boksi dukani ikiwa ileile. Idadi ya wapenzi wa mafumbo haikupungua sana, ninavyoona mimi, ila haikukua kwa kasi ya gharama. Jirani zao wa gemu za risasi na za vita walikuwa wakikua.

Halafu mji ukawa bure. Mwaka 1995 ilianzishwa tovuti ya GameFAQs, ambako wachezaji waliandika suluhisho la gemu nzima, hatua kwa hatua, kwa upendo na bila malipo. Kufikia mwisho wa muongo, kijana aliyekwama dakika kumi alikuwa na jibu lote mbele yake. Simu za vidokezo zikanyamaza, na hilo lilikuwa pato dogo tu lililopotea. Pigo kubwa lilikuwa kwamba gemu ya bei ya boksi kamili sasa iliisha Jumamosi na Jumapili. Sijawahi kumlaumu aliyefungua jibu. Majibu yakiwa yamelala kando ya mkono wako, subira inahitaji uchaji mkubwa.

Mwaka 1998 ndio mwaka wa msiba. Oktoba ilitoka Grim Fandango ya Tim Schafer, safari ya wafu wa Kimeksiko iliyopigwa rangi ya filamu za zamani za upelelezi, na kwangu ndiyo kilele cha sanaa hii. Wakosoaji waliisifu sana, lakini haikuipa kampuni yake, Lucasfilm Games iliyokuwa sasa ikiitwa LucasArts, faida iliyotarajiwa. Mwezi uliofuata ilitoka Half-Life, gemu ya risasi iliyobadilisha soko zima. Mchapishaji wake alikuwa Sierra.

Lakini Sierra hiyo haikuwa tena ya Ken na Roberta. Mwaka 1996 walikuwa wameiuza kwa CUC International, kampuni ya biashara ya uanachama wa punguzo la bei, kwa hisa za takriban dola bilioni 1. CUC iliungana na nyingine ikawa Cendant, na Aprili 1998 ikagundulika kuwa mahesabu ya CUC yalikuwa yamepikwa kwa miaka. Hisa zikaanguka. Mkuu wake, Walter Forbes, alikuja kuhukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 12. Kitengo cha gemu kikauzwa kwa Havas ya Ufaransa, na Jumatatu ya tarehe 22 Februari 1999 wafanyakazi wa Oakhurst waliambiwa studio yao imefungwa. Mji mdogo wa milimani uliokuwa umejengwa juu ya hadithi za wafalme na mazimwi ulipoteza mwajiri wake mkubwa wa vijana wenye vipaji. Wengine walikuwa wamenunua nyumba pale kwa sababu ya kazi hiyo moja.

Miezi michache baadaye ilitoka Gabriel Knight 3, ambayo wapinzani hupenda kuitaja kama ushahidi kwamba gemu za visa zilijinyonga zenyewe. Shujaa anataka kukodi pikipiki iliyowekwa kwa jina la rafiki yake. Basi anabandika utepe wa gundi kwenye tundu la banda, anamtisha paka apite hapo ili manyoya yanase, anayageuza kuwa masharubu kwa kuyabandika usoni kwa asali ya mti. Na rafiki huyo hana masharubu! Inabidi umchoree kwenye picha ya pasipoti yake. Mwaka 2000 mwandishi Erik Wolpaw alilichambua fumbo hilo kwa ukali uliojulikana kote. Alikuwa na haki ya kukasirika. Hata hivyo, Grim Fandango haikuwa na masharubu ya paka, na Day of the Tentacle haikuwa nayo, na kampuni iliyozitunga nayo iliacha. Machi 2004 LucasArts ilifuta gemu mpya ya Sam & Max ikiwa bado inatengenezwa, na ukawa mwisho wa mambo hayo pale.

Duniani hazikufa, zilihama. Norway ilitoa The Longest Journey mwaka 1999. Ujerumani iliendelea kuzinunua kwa uaminifu, na mjini Hamburg ikaanzishwa kampuni ya Daedalic mwaka 2007. Japani ilikuwa na mkondo wake tangu 1983, Yuji Horii alipotoa kisa cha upelelezi wa mauaji ya Portopia. Mwaka 2001 Shu Takumi wa Capcom akamleta wakili Phoenix Wright, na mwaka 2007 Level-5 ikamleta Profesa Layton. Layton ananivutia kuliko wote. Ukikwama unanunua kidokezo kwa sarafu ambazo umeziokota ndani ya gemu yenyewe, ukichungulia nyuma ya madirisha na vyungu. Wajapani walikuwa wameurudisha mji ndani ya kitendawili.

Waliotoka LucasArts walianzisha Telltale mwaka 2004, wakauza visa kwa sehemu kama tamthilia ya redio. The Walking Dead ya mwaka 2012 iliondoa karibu mafumbo yote, ikabaki na uamuzi mgumu: umwokoe nani, umdanganye nani. Ilipendwa na mamilioni. Kisha kampuni ikajitanua, ikanunua haki za majina makubwa mfululizo, na Septemba 2018 ikawafukuza wafanyakazi wapatao 250 kwa siku moja. Ugonjwa ulikuwa uleule wa miaka ya tisini: gharama za jumba kubwa kwa wateja wa duka la kati. Daedalic nayo ilipojaribu gemu kubwa ya mapigo kuhusu Gollum mwaka 2023, ilishindwa vibaya, ikafunga idara yake ya utungaji.

Schafer alikwenda njia nyingine. Februari 2012 aliwaomba wapenzi wa zamani dola 400,000 kupitia tovuti ya michango ya Kickstarter, wakampa zaidi ya milioni 3.3. Watu 87,000 na zaidi walilipia gemu ambayo haikuwa hata na jina. Fedha hizo pia hazikutosha, Broken Age ikatoka vipande viwili, mwaka 2014 na 2015. Lakini swali la kama wateja wapo lilikuwa limejibiwa.

Leo haki za Zork na King's Quest ziko Microsoft, iliyoinunua Activision Blizzard, mmiliki wa haki hizo, Oktoba 2023, na studio ya Schafer pia ni yao. Wakubwa hao sitarajii wafufue chochote. Mustakabali ninauona kwa watu wachache wachache. Dave Gilbert wa New York, asiye na undugu na Ron, ameishi kwa kutunga na kuchapisha gemu za visa kwa takriban miaka ishirini, nyingi zikiwa zimetengenezwa kwa programu ya bure iitwayo Adventure Game Studio. Mwaka 2024 Julia Minamata alitoa The Crimson Diamond, kisa cha upelelezi chenye rangi 16 na amri za kuandika kwa kibodi, kama vile miaka ya themanini haijaisha. Ron Gilbert mwenyewe alirudi mwaka 2022 na Return to Monkey Island, ambayo kitabu cha vidokezo kimo ndani ya mfuko wa shujaa. Na Lucas Pope, katika Return of the Obra Dinn ya mwaka 2018, alitegua kile kilichowashinda wote. Humo unatafuta jinsi watu 60 wa meli moja walivyokufa au kutoweka, na gemu haikuthibitishii jibu mpaka uwe umepatia matatu kwa pamoja. Kubahatisha hakusaidii, na raha ya kujua kwa akili yako ni kubwa mno hata mtu haoni sababu ya kuiba jibu. Hizi zote hutengenezwa kwa bajeti inayolingana na idadi ya wapenzi wake, na ndiyo sababu zinaishi.

Hapo ndipo ninapowageukia waandishi wetu. Gemu hizi hazihitaji mashine kubwa, zinahitaji mtu anayejua kutega. Sisi tuna fasihi ya upelelezi tangu Muhammed Said Abdulla alipomleta Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, hadithi iliyoshinda shindano la uandishi la 1957 na 1958. Bwana Msa na kiko chake, akihoji watu mmoja mmoja na kupima kauli zao, ni shujaa wa gemu ya visa kwa kila kipimo. Kati ya programu za kutungia visa, Ink ya kampuni ya Inkle ni bure, Twine ni bure, na Adventure Game Studio nayo ni bure. Picha tulivu na maandishi hubebwa na simu ya bei ya chini bila kuisumbua, na wasomaji wetu wengi wanasoma kwenye simu hizo.

Asiyewahi kucheza aanze na Beneath a Steel Sky, gemu ya Kiingereza ya mwaka 1994 ambayo watungaji wake waliitoa bure mwaka 2003. Inachezwa kwenye simu ya Android kwa programu ya ScummVM, nayo ni bure. Akishaimaliza, amtafute mchoraji, na waanze kutunga ya Kiswahili.